Mgeni Asiyepewa Jembe: Kiswahili na Suala la Lugha ya Taifa Nchini Uganda

1. Utangulizi

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii huchukuliwa na wengi kuwa ni onyo kwa mgeni mzembe. Lakini ina upande wa pili ambao hautajwi sana, nao unamhusu mwenyeji. Mgeni asiyepewa jembe hubaki mgeni hata akikaa miaka mia. Halimi pamoja na wenyeji, havuni pamoja nao, wala hawezi kuitwa mwenzao siku ya neno.

Kiswahili kimesikika katika nchi ambayo leo huitwa Uganda tangu karne ya 19. Mwaka 1927 gavana wa Kiingereza alikipendekeza kiwe lugha ya elimu na utawala. Mwaka 1973 Rais alikitangaza kuwa lugha ya taifa. Mwaka 2005 Bunge lilikiingiza katika Katiba kuwa lugha rasmi ya pili. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kutekeleza azimio la Jumuiya ya Afrika Mashariki la kukitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi, na kwamba kifundishwe shuleni kwa lazima. Lugha iliyochaguliwa mara nne katika muda wa miaka mia moja yafaa iulizwe ni kwa nini uchaguzi wa kwanza haukutosha, wala wa pili, wala wa tatu.

Mhadhara huu unachunguza swali hilo. Hoja yake kuu ni kwamba katika nchi yenye lugha nyingi, sifa ileile inayoifanya lugha ikubalike na wengi, yaani kutokuwa mali ya jamii yoyote miongoni mwao, ndiyo pia inayoinyima mlezi. Kuchagua ni hatua ndogo. Hatua kubwa ni kuipa lugha kazi ambayo mwananchi wa kawaida ataona faida yake. Uganda ilichagua mara nyingi, lakini kwa muda mrefu jembe lilibaki limesimamishwa ukutani.

2. Ramani ya lugha na uzito wake

Ili kulielewa tatizo hili, hapana budi kuanza na ramani. Katika Uganda zinazungumzwa lugha zipatazo arobaini. Katiba ya mwaka 1995 iliorodhesha jamii 56 za wenyeji. Marekebisho ya mwaka 2005 yaliiongeza orodha hiyo hadi kufikia 65. Lugha hizo si za ukoo mmoja. Kusini na magharibi zimo lugha za Kibantu: Kiganda, Kisoga, Kigisu, Kinyoro, Kitoro, Kinyankole, Kikiga na nyinginezo. Kaskazini na mashariki zimo lugha za Kiniloti, kama vile Kiacholi, Kilango, Kiteso na Kikaramojong. Kaskazini-magharibi, ng'ambo ya Nile, zimo lugha za Kisudani ya Kati, kama vile Kilugbara na Kimadi. Mzungumzaji wa Kinyankole anaweza kukisia maana ya sentensi ya Kiganda. Mzungumzaji wa Kilugbara hawezi.

Miongoni mwa lugha hizo zote, Kiganda, ambacho wenyewe hukiita Luganda, kilikuwa na hoja nzito zaidi ya kufanywa lugha ya taifa. Ni lugha ya jamii kubwa kuliko zote, ingawa ukubwa huo ni wa kadiri: katika sensa ya mwaka 2002 Waganda, kwa maana ya watu wa Buganda, walikuwa takribani asilimia 17 ya wananchi wote. Ni lugha ya eneo lenye mji mkuu. Biblia nzima ilikamilika kwa Kiganda mwaka 1896, kazi iliyoongozwa na George Pilkington, na maandishi mengine yakafuata: magazeti, vitabu vya historia, tenzi za kanisani na kamusi. Mtu asiyekuwa na mwelekeo wowote, akiangalia maktaba tu, angelikichagua Kiganda bila kusita.

Lakini lugha haichaguliwi kwa kuangalia maktaba tu. Baada ya Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900, ambao uliipa Buganda nafasi ya pekee chini ya Himaya ya Uingereza, watawala waliwatumia machifu na makarani wa Kiganda kuzitawala sehemu nyingine za nchi. Semei Kakungulu alieneza utawala huo upande wa mashariki. Amri, kodi, mashauri na mahubiri vikawafikia watu wa huko kwa Kiganda. Bunyoro, ambayo ilikuwa dola shindani ya Buganda na ambayo sehemu ya ardhi yake ilikuwa imetiwa chini ya Buganda, mwaka 1907 ilikataa waziwazi kutawaliwa na machifu wa Kiganda, katika mgomo unaokumbukwa kwa jina la Nyangire, yaani nimekataa. Kwa watu hao Kiganda hakikuwa lugha ya Biblia na magazeti peke yake. Kilikuwa pia lugha ya mtoza kodi. Kumbukumbu ya namna hiyo haifutwi na ubora wa kamusi.

3. Mgeni alivyoingia

Kiswahili kiliingia kwa njia nyingine. Wafanyabiashara wa pwani walifika katika baraza la Kabaka kabla ya nusu ya karne ya 19, wakaleta vitambaa, bunduki na Uislamu. Kabaka Mutesa wa Kwanza, aliyetawala kuanzia mwaka 1856 hadi 1884, alijua Kiswahili. Henry Morton Stanley alipofika mwaka 1875, mazungumzo yake na Kabaka kuhusu Ukristo yalipita katika lugha hiyo, na kijana aliyebaki nyuma kumsomea Kabaka maandiko, Dallington Muftaa, alikuwa amesoma katika shule ya misheni Unguja. Alexander Mackay wa misheni ya Kianglikana, aliyefika mwaka 1878, aliamini kwamba Kiswahili kingefaa kuwa lugha moja ya eneo lote la ndani.

Waliomfuata Mackay hawakuwa na imani hiyo. Askofu Alfred Tucker aliandika waziwazi kwamba lugha moja ni jambo la kutamaniwa, ila isiwe Kiswahili, kwa kuwa alikiona kuwa mlango wa Uislamu. Hapa pana jambo la kuzingatiwa na mwanafunzi wa siasa ya lugha. Katika Tanganyika ya Wajerumani Kiswahili kilikuwa lugha ya shule na ya makarani wa serikali, na wamisheni wengi wakakitumia kuhubiria. Kule Buganda, Kiswahili kilikuta lugha yenye nguvu, iliyokwisha kupata mlezi na maandiko. Sauti zilezile, msamiati uleule, lakini sehemu moja lugha ilipewa kazi na sehemu nyingine ikaonekana kuwa hatari.

Pamoja na hayo Kiswahili hakikuondoka. Kilijipatia makao pembezoni: katika kambi za jeshi la King's African Rifles, katika polisi, katika reli, katika masoko ya mipakani, katika mashamba yaliyoajiri watu kutoka makabila mbalimbali, na katika miji ya kaskazini. Ikumbukwe kwamba askari na polisi wengi waliandikishwa kutoka kaskazini, ambako lugha zao hazikuwa na nafasi katika utawala wa kusini. Kwao Kiswahili kilikuwa ngazi. Kwa mkulima wa Buganda, ambaye alikutana na Kiswahili kinywani mwa askari aliyekuja kumkamata, kilikuwa sauti ya amri. Picha hizi mbili za lugha moja zimedumu, na hakuna uamuzi wa baadaye unaoweza kueleweka bila kuzikumbuka.

4. Uamuzi wa mwaka 1927 na mwisho wake

Gavana William Gowers alitoa waraka wake mwaka 1927. Alipendekeza Kiswahili kikuzwe kiwe lugha ya elimu na utawala katika sehemu kubwa ya Uganda. Sababu zake zilikuwa za kiutawala: serikali haikuweza kuandaa vitabu, walimu na makarani kwa lugha nyingi, na Kiswahili kilikuwa tayari kinatumika Kenya na Tanganyika. Huo ulikuwa wakati ambapo suala la usanifishaji lilikuwa likijadiliwa katika makoloni yote ya eneo hili. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1930, na Kiunguja kikawa msingi wa Kiswahili sanifu.

Upinzani haukukawia. Mwaka 1929 Kabaka Daudi Chwa alitoa andiko la kupinga. Viongozi wa makanisa, waliokuwa wamewekeza nguvu zao zote katika lugha za wenyeji, nao walipinga. Ni rahisi kwa mpenzi wa Kiswahili kuuona upinzani huo kuwa ni ukaidi wa kikabila. Haki inadai utazamwe kwa makini zaidi. Katika miaka hiyohiyo Uingereza ilikuwa ikijadili kuziunganisha nchi za Afrika Mashariki, na wenye mashamba wa Kizungu nchini Kenya walikuwa na sauti kubwa katika mjadala huo. Watu wa Buganda waliona jinsi ardhi ilivyochukuliwa upande wa pili wa mpaka. Lugha moja na Kenya ilionekana kuwa hatua ya kwanza ya kuelekea utawala mmoja na Kenya. Kukikataa Kiswahili, kwa macho yao, ilikuwa ni kulinda ardhi.

Hivyo basi hoja ya gavana ilijibiwa kwa hoja isiyohusu lugha hata kidogo. Gavana alizungumza juu ya gharama ya vitabu; wapinzani wake walizungumza juu ya nani atakuwa bwana wa nchi. Hakuna hata upande mmoja uliomsikia mwenzake. Kiswahili kilifundishwa katika baadhi ya shule kwa muda, kisha kikafifia. Mwaka 1952 kiliondolewa katika lugha zilizotambuliwa shuleni, kikabaki zaidi katika polisi na jeshi. Huo ndio mwaka ambao mgeni alirudishwa kambini.

5. Uhuru na lugha isiyochaguliwa

Uganda ilipopata uhuru tarehe 9 Oktoba 1962, lugha rasmi ilikuwa Kiingereza. Haikuchaguliwa, ilibaki. Shuleni zilitambuliwa lugha sita za wenyeji za kufundishia madarasa ya mwanzo, na redio ikatangaza kwa lugha nyingi, lakini hapakuwa na lugha hata moja iliyoitwa ya taifa.

Vyama vya kudai uhuru vilichangia hali hiyo bila kukusudia. Uganda National Congress kilianzishwa mwaka 1952, Democratic Party mwaka 1954 na Uganda People's Congress mwaka 1960. Vyote vilizungumza na wasomi kwa Kiingereza na kuzungumza na kila wilaya kwa lugha yake. Hapakuwa na mkutano wa hadhara ambamo mtu wa Gulu na mtu wa Masaka walisikiliza hotuba moja kwa lugha moja isiyokuwa ya mkoloni. Siasa ya umoja ilifanywa kwa wakalimani.

Mwaka 1967 Milton Obote, akiwa Rais, alitoa hotuba maalumu juu ya lugha na utambulisho wa taifa. Alikiri kwamba kwa wakati ule hakuona mbadala wa Kiingereza. Yafaa ikumbukwe kwamba mwaka mmoja kabla ya hapo jeshi lilikuwa limeshambulia kasri la Kabaka, na katika mwaka huohuo wa 1967 Katiba mpya ilizifuta falme zote. Katika hali hiyo, kukichagua Kiganda kulikuwa hakuwezekani kisiasa, na kukichagua Kiswahili kungeonekana kuwa pigo jingine kwa Buganda. Ng'ambo ya mpaka, mwaka huohuo, Bunge la Tanzania lilitunga sheria ya kuunda Baraza la Kiswahili la Taifa. Nchi mbili jirani zilikuwa zinalitazama swali lilelile zikiwa zimesimama mahali tofauti kabisa.

Utafiti wa Peter Ladefoged na wenzake, uliofanywa mwishoni mwa miaka ya 1960 na kuchapishwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, ulitoa takwimu zinazostahili kufikiriwa hadi leo. Takribani asilimia 39 ya wananchi waliweza kuzungumza Kiganda, asilimia 35 Kiswahili, na asilimia 21 Kiingereza. Lugha rasmi ilikuwa ya tatu. Kiswahili, ambacho kilikuwa hakifundishwi, kilikaribia kulingana na lugha iliyokuwa na maandishi mengi kuliko zote. Lakini utafiti huo ulionyesha pia kwamba waliokijua Kiswahili walikuwa wanaume kwa wingi kuliko wanawake. Kilikuwa lugha ya barabarani, sokoni, kambini na kazini. Hakikuwa kimefika jikoni. Mwanamke aliyebaki shambani alikuwa hana pa kukisikia ila siku ya shida.

6. Amri ya mwaka 1973

Uamuzi wa mwaka 1973 ulifanywa chini ya serikali ya Idi Amin. Wawakilishi wa wilaya waliulizwa ni lugha gani iwe ya taifa. Kati ya wilaya 20, wilaya 12 zilikitaka Kiswahili na wilaya nane Kiganda. Amin akatangaza kwa amri kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa.

Matokeo hayo yanafundisha mambo mawili. La kwanza ni kwamba wilaya nyingi, zilipopewa nafasi ya kuchagua, zilikiona Kiswahili kuwa lugha isiyompa jirani faida juu yao. Hii ni nguvu ya kweli, na haikutungwa na Amin. La pili ni kwamba hesabu ya 12 kwa nane si hesabu ya maafikiano. Wilaya nane ni sehemu kubwa ya nchi, nazo ziliambiwa zimeshindwa katika jambo ambalo mtu hakubali kushindwa. Aidha, Bunge lilikuwa limevunjwa tangu mapinduzi ya mwaka 1971. Hapakuwa na mahali pa kuuliza kuhusu walimu, bajeti wala mitaala, na hapakuwa na mtu aliyethubutu kuuliza.

Kiswahili kilisikika zaidi redioni na katika televisheni, lakini shule hazikukipokea. Wakati huohuo wananchi walikisikia zaidi na zaidi kwenye vizuizi vya barabarani. Askari walitoa amri kwa Kiswahili, walipora kwa Kiswahili, na wengi waliochukuliwa usiku walichukuliwa na watu waliozungumza Kiswahili. Mwaka 1979 majeshi ya Tanzania pamoja na wapiganaji wa Uganda yalipoingia Kampala na kuung'oa utawala huo, waliokomboa nao walizungumza Kiswahili. Kwa muda mfupi lugha ilikuwa na sura mbili mjini humo. Lakini miaka ya vurugu iliyofuata iliirejesha sura ya kwanza, na mtoto aliyekua wakati huo alijifunza kuiogopa lugha kabla ya kujifunza maneno yake.

Hakuna lugha inayozaliwa na kosa. Hata hivyo, lugha huchukua harufu ya kazi inayofanyiwa. Ikiwa kwa nusu karne kazi ya wazi kabisa ya Kiswahili nchini Uganda ilikuwa ni kuamrisha na kutisha, si ajabu kwamba watu wengi, hasa wa Buganda, walikiita lugha ya wezi na askari. Jibu la lawama hiyo haliwezi kuwa hotuba ya kusifu uzuri wa mashairi ya Lamu. Jibu ni kazi nyingine.

7. Kutoka Katiba hadi darasani

Waraka wa serikali kuhusu elimu wa mwaka 1992 ulipendekeza Kiswahili kifundishwe kwa lazima pamoja na Kiingereza. Falme zilirejeshwa mwaka 1993. Katiba ya mwaka 1995 ilikitaja Kiingereza kuwa lugha rasmi na kuruhusu lugha nyingine zitumike shuleni na katika shughuli za kisheria na kiutawala kadiri Bunge litakavyoelekeza. Marekebisho ya mwaka 2005 yaliongeza kwamba Kiswahili kitakuwa lugha rasmi ya pili, kitumike katika mazingira yatakayoainishwa na Bunge kwa sheria.

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yenye uzito. Katiba ilimkaribisha mgeni sebuleni, kisha ikasema jembe litaletwa baadaye. Ilipita miaka 14 kabla ya Baraza la Mawaziri kuidhinisha, mwaka 2019, kuundwa kwa baraza la taifa la Kiswahili. Katika kipindi hicho msukumo mkubwa ulitoka nje. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa mwaka 1999 ulikitaja Kiswahili kuwa lugha ya mawasiliano ya eneo zima. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ilianza kazi Zanzibar mwaka 2015. Mwaka 2021 wakuu wa nchi wa Jumuiya walikiingiza Kiswahili katika lugha rasmi za Jumuiya, na mwishoni mwa mwaka huo UNESCO ikaitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani.

Ndani ya nchi, hatua yenye maana kuliko zote ilikuwa ya kimyakimya. Mtaala mpya wa sekondari ulioanza mwaka 2020 ulikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima katika kidato cha kwanza na cha pili. Hapo ndipo swali lilipohama kutoka ukumbi wa siasa na kuingia darasani: mwalimu yuko wapi? Kitabu kiko wapi? Mtoto akimaliza kidato cha pili, atakitumia Kiswahili wapi?

8. Kwa nini kwingine iliwezekana

Mara nyingi hudaiwa kwamba Tanzania ilifaulu kwa sababu haikuwa na kabila moja kubwa lenye dola ya kale. Dai hilo lina ukweli, lakini halitoshi. Mfano wa Indonesia unasaidia kulipima. Huko kulikuwa na Kijava, lugha ya jamii kubwa kuliko zote, yenye fasihi ya kale na yenye dola zilizopata kutawala. Hata hivyo, vijana waliokutana Batavia tarehe 28 Oktoba 1928 walikitangaza Kimalei, kwa jina la Kiindonesia, kuwa lugha ya umoja. Kimalei kilikuwa lugha ya bandarini na sokoni, na waliokizungumza kama lugha ya kwanza walikuwa wachache. Wajava walikubali. Katiba ya mwaka 1945 ilithibitisha tu jambo lililokwisha kuwa.

Tofauti haiko katika ukubwa wa jamii. Iko katika mfuatano wa mambo. Kule Indonesia, na vivyo hivyo Tanganyika, lugha ilifanya kazi ya kudai uhuru kabla ya kupewa cheo. TANU, tangu mwaka 1954, ilihutubia, ilichapisha na kubishana kwa Kiswahili. Mkulima wa Usukuma alijifunza Kiswahili kwa sababu kilikuwa na habari aliyoihitaji. Uhuru ulipokuja, serikali ilikuta lugha tayari imo shambani. Uganda ilifuata mfuatano wa kinyume: cheo kwanza, kazi baadaye. Gavana alitoa cheo, Rais akatoa cheo, Katiba ikatoa cheo. Na kila mara mwananchi aliuliza swali la haki kabisa: lugha hii itanifanyia nini?

9. Jembe ni lipi?

Ikiwa hoja hii ni sahihi, basi mambo matatu yanafuata.

Kwanza, Kiswahili kipewe kazi zinazomnufaisha mtu dhaifu kabla ya zile zinazompa fahari mtu mkubwa. Ni jambo jema hotuba ya mkutano wa wakuu wa nchi itolewe kwa Kiswahili. Lakini mama kutoka Karamoja anayesimama mbele ya hakimu Kampala, au mkulima wa West Nile anayesoma maelezo ya dawa ya mimea, ndiye kipimo. Lugha ikimsaidia huyo kushinda haki yake au kuokoa mazao yake, haitahitaji kampeni. Zaidi ya hayo, kazi za namna hiyo ndizo zitakazokitoa Kiswahili katika ukumbusho wa kizuizi cha barabarani.

Pili, lugha za jamii zipewe dhamana. Mtaala wa mwaka 2007 uliweka lugha ya mama kuwa ya kufundishia katika madarasa matatu ya kwanza ya shule ya msingi. Huo ni msingi wa kuulinda, si kizuizi cha kuondolewa. Mzungumzaji wa Kiganda ambaye ana uhakika kwamba lugha yake itasomwa, itaandikwa na kutangazwa hana sababu ya kukiona Kiswahili kuwa mrithi anayesubiri kifo cha mwenye mali. Makosa ya mwaka 1927 na ya mwaka 1973 yalikuwa ni kulifanya suala hili kuwa shindano la mshindi mmoja. Aliyeshindwa hakukubali, na alikuwa na haki ya kutokubali.

Tatu, na hili linawahusu wataalamu wa Kiswahili wenyewe, Kiswahili cha Uganda kiheshimiwe. Kuna desturi, hasa miongoni mwa wasemaji wa pwani na wa Tanzania bara, ya kukicheka Kiswahili cha Kampala, cha Arua au cha kambini: upatanisho wa ngeli uliopunguzwa, maneno ya Kiganda na Kinubi yaliyoingia, lafudhi ya Kiniloti. Desturi hiyo si mzaha usio na madhara. Usanifu uliowekwa mwaka 1930 ulikuwa na msingi Unguja, mbali na Uganda, na katika Uganda wenyewe haukupata kufundishwa kwa uthabiti. Mtu aliyejifunza lugha kwa miguu yake mwenyewe, sokoni na barabarani, bila mwalimu wala kitabu, anastahili pongezi kabla ya masahihisho. Darasa litafundisha Kiswahili sanifu, na ni lazima lifanye hivyo. Lakini mwalimu anayeanza kwa kuidharau lugha ambayo mwanafunzi amekuja nayo anarudia, kwa nia njema, kosa la wale waliokuja na lugha na amri kwa pamoja.

10. Hitimisho

Historia ya Uganda haithibitishi kwamba nchi yenye lugha nyingi haiwezi kuwa na lugha ya taifa. Wala haithibitishi kwamba Waganda ni wakaidi au kwamba Kiswahili kina kasoro. Inathibitisha jambo la kawaida zaidi: kwamba lugha isiyokuwa ya mtu mmoja hukubaliwa haraka na hutunzwa polepole. Kila jamii huipigia kura kwa kuwa si ya jirani, kisha huiacha nje usiku kwa kuwa si yake pia.

Njia ya kutoka hapo si kura ya tano. Ni walimu waliofunzwa vizuri, ni vitabu vilivyoandikwa na wananchi wa Uganda wenyewe, ni mahakama ya wilaya inayotoa hukumu inayoeleweka na pande zote mbili, ni binti wa kidato cha pili anayerudi nyumbani na kumsomea mama yake barua ya zahanati. Siku mama huyo atakapomuuliza binti yake maana ya neno, akalikumbuka, kisha akalitumia sokoni kesho yake, Kiswahili kitakuwa kimefika jikoni, mahali ambapo watafiti wa miaka ya 1960 hawakukikuta. Siku hiyo haitahitaji tangazo la Rais. Mgeni atakuwa ameshika jembe, na hatakuwa mgeni tena.